Kuendesha tovuti ya mashabiki wa anime: anza na orodha ya sehemu

Habari motomoto usizikimbilie. Trela ya anime (katuni za Kijapani) ikitoka Tokyo, baada ya dakika kumi imeshafika kwenye simu za wote waliokuwa wanaisubiri, na wewe bado unatafuta picha ya kuweka juu ya habari yako. Mbio hizo zina wenyewe, na wenyewe wanalipwa. Kazi isiyo na mwenyewe ni kumbukumbu: sehemu ipi ya mfululizo ilirushwa lini, na kituo gani, katika toleo lipi, na nini kilikatwa humo. Vituo havijishughulishi nayo. Tovuti ya Cartoon Network ya Marekani ilifungwa Agosti 2024 na wageni wakaelekezwa kwenye huduma ya kulipia. Huduma ya kutazama anime ya Funimation ilizimwa Aprili mwaka huohuo. GeoCities, ambako mashabiki wa miaka ya tisini walijenga kurasa zao, ilifungwa Oktoba 2009, na tawi lake la Japani likafuata Machi 2019. Anayetafuta leo namna Dragon Ball Z ilivyorushwa Toonami, safu ya vipindi vya Cartoon Network, mwaka 1999 anaishia kwa shabiki aliyekaa akaiandika.

Ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi kwenye orodha ya sehemu. Ukiwa nayo iliyo sahihi, wageni watakuja hata ukinyamaza mwezi mzima.

Mfululizo mmoja tu

"Anime zote" si mada. Piga hesabu kabla ya kununua jina la tovuti. Sehemu moja ya dakika 24, ukiitazama mara mbili, ukaandika muhtasari, ukanakili majina ya watengenezaji na kuandaa picha, inakula saa tatu hadi nne. Kwa mtu mwenye kazi au masomo, sehemu mbili kwa wiki ni mwendo mzuri. Avatar: The Last Airbender ina sehemu 61, kwa hiyo ni kazi ya miezi saba au minane. Fullmetal Alchemist: Brotherhood ina 64. Naruto Shippuden ina 500, na kwa mwendo huohuo utaimaliza baada ya karibu miaka mitano. Kwa anayeanza, mfululizo wa sehemu 26 hadi 65 uliokwisha kurushwa ndio unaofaa. Unaoendelea kurushwa utakukimbiza kila wiki na hautakupa nafasi ya kurudi kusahihisha.

Chagua ulio na matatizo ya kumbukumbu, yaani uliorushwa kwa matoleo mawili au zaidi. Mfululizo uliotolewa wote siku moja kwenye huduma ya mtandaoni, katika toleo moja, hauna la kuchunguza.

Jedwali kabla ya kurasa

Usianze kuandika ukurasa wa sehemu ya kwanza. Anza na jedwali la mistari yote, hata kama nafasi nyingi zitakuwa tupu. Safu zinazotosha ni hizi (kanji ni maandishi ya Kijapani, romaji ni matamshi yake kwa herufi za Kirumi; ekonte nitaieleza mbele):

kitambulisho, namba_japani, namba_toleo, namba_utengenezaji, jina_kanji, jina_romaji, jina_toleo, kurushwa_japani, kurushwa_toleo, kituo, mwandishi, ekonte, mwongozaji, msimamizi_michoro, chanzo, uhakika, maelezo

Safu ya kwanza ndiyo uti wa mgongo. Kitambulisho (tuseme dbz-068) ni chako mwenyewe, hakibadiliki, na ndicho kinachotumika kwenye anwani ya ukurasa. Ukitumia namba ya toleo la Kiingereza kwenye anwani utajuta, kwa sababu namba hizo zinayumba. Dragon Ball Z ya Japani ina sehemu 291, lakini toleo la kwanza la Kiingereza, lililoanza kurushwa Marekani mwaka 1996, lilizibana sehemu 67 za mwanzo zikawa 53. Matokeo yake sehemu ya 68 ya Japani ndiyo ya 54 kwa Mmarekani. Sailor Moon ya mwaka 1995 iliruka sehemu tano na kuunganisha mbili za mwisho wa msimu wa kwanza, 46 zikawa 40. One Piece ya 4Kids, kampuni ya Marekani, ilizibana 143 zikawa 104.

Kuna visa vibaya zaidi. Cardcaptor Sakura ina sehemu 70. Ilipoingia Marekani mwaka 2000 kwa jina la Cardcaptors, zilirushwa 39 tu, na ya kwanza kurushwa ilikuwa ya 8 ya Japani, ili yule mvulana Syaoran aonekane mapema. Robotech ya mwaka 1985 ina sehemu 85 zilizoshonwa kutoka mifululizo mitatu isiyohusiana, na hapo safu ya namba_japani peke yake haikusaidii. Ongeza safu ya jina la mfululizo wa asili.

Sehemu isiyorushwa nayo ipewe mstari wake. Sehemu ya 38 ya Pokémon ilirushwa Japani mara moja tu, tarehe 16 Desemba 1997. Mimweko ya mwanga ikawafikisha mamia ya watoto hospitalini, na haikurushwa tena popote. Kwenye matoleo mengine haipo. Ukiiruka kwenye jedwali, namba zote zinazofuata zitakuwa na kosa la moja, na hutalijua mpaka msomaji akuambie.

Katuni za Marekani zina ugonjwa wake: mpangilio wa kutengenezwa haulingani na wa kurushwa. Batman: The Animated Series ilianza hewani tarehe 5 Septemba 1992 na The Cat and the Claw, sehemu ya kwanza, wakati iliyotengenezwa mwanzo kabisa ni On Leather Wings, iliyorushwa kesho yake. DVD mara nyingi hufuata mpangilio wa kutengeneza. Weka namba zote mbili na uache msomaji achague kwa kubofya kichwa cha safu.

Jedwali litunze kama faili ya CSV (maandishi matupu, safu zikitenganishwa kwa koma) yenye usimbaji wa UTF-8, unaobeba herufi za lugha zote. Hapa ndipo Excel inapoharibu kazi za watu: ukiifungua CSV kwa kubofya mara mbili, herufi za Kijapani zinaweza kugeuka takataka, tarehe zikabadilishwa kufuata mpangilio wa kompyuta yako, na namba 007 ikawa 7. Ukihifadhi hapo, uharibifu umekamilika. Tumia LibreOffice Calc: wakati wa kufungua itakuuliza; chagua UTF-8, kisha safu zote zifanye aina ya maandishi. Tarehe andika kwa mpangilio wa mwaka-mwezi-siku, 1999-09-13, usiochanganya Mmarekani wala Mwingereza.

Tarehe na saa za Japani

Anime za usiku wa manane hutangazwa Japani kwa saa zinazopita 24. "Jumamosi 25:30" maana yake ni saa saba na nusu usiku wa kuamkia Jumapili huko kwao. Makosa mengi ya tarehe kwenye tovuti za mashabiki yanatoka hapa: mmoja kaandika Jumamosi, mwingine Jumapili, na wa tatu kanakili kwa wote wawili. Kanuni yenye usalama ni kuandika tarehe ya kalenda pamoja na tofauti ya saa. Jumamosi ya tarehe 6 Julai 2024, 25:30, inaandikwa 2024-07-07T01:30+09:00. Siku ya ratiba ya kituo iweke kwenye maelezo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna bahati ambayo wengine hawana. Tokyo imetutangulia saa sita kamili, na Japani haibadilishi saa kwa majira. Kwa kuwa saa ya Kiswahili nayo inapishana saa sita na ile ya kimataifa, tarakimu ya saa ya Tokyo kwa mfumo wa saa 12 ndiyo hiyohiyo utakayoitamka Dar es Salaam au Nairobi. Kipindi cha saa 17:30 Tokyo, yaani tano na nusu ya jioni kwao, kwetu ni saa tano na nusu asubuhi. Cha 23:00, yaani kumi na moja kwao, ni saa kumi na moja jioni. Na kile cha Jumamosi 25:30 ni saa moja na nusu usiku, Jumamosi hiyohiyo. Hata siku inaangukia palepale pa ratiba yao. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo watoe saa moja. Oman waongeze moja.

Marekani ndiko kwenye usumbufu. Saa za mashariki mwa nchi hiyo ziko nyuma yetu kwa saa saba kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, na saa nane miezi iliyobaki. Kipindi cha saa sita kamili ya usiku wa Jumamosi huko kinaangukia kwetu Jumapili saa moja asubuhi au saa mbili, kutegemea mwezi. Usihesabu kwa kichwa na usiandike tofauti kwa mkono. Programu yako itumie majina ya kanda, America/New_York, Asia/Tokyo na Africa/Dar_es_Salaam, ifanye hesabu yenyewe.

Kosa la pili kubwa ni kukokotoa tarehe kwa kuongeza siku saba-saba. Vipindi hukatizwa na mechi, sikukuu, uchaguzi na maafa. Sehemu ya 11 na ya 12 za Puella Magi Madoka Magica zilikuwa za Machi 2011. Tetemeko la tarehe 11 mwezi huo likazisukuma hadi Aprili. One Piece ilisimama Aprili 2020 kwa sababu ya korona, ikarudi mwishoni mwa Juni. Ukiona orodha yenye tarehe za wiki kwa wiki bila pengo hata moja kwa mwaka mzima, ishuku.

Tena, Japani vituo vya mikoa hurusha sehemu ileile siku tofauti. MBS ya Osaka inaweza kutangulia Tokyo MX, na chaneli za setilaiti zikafuata. Tarehe ya rekodi ni ile ya mapema kuliko zote, na kituo chake kitajwe. Usichanganye: sehemu ya kwanza kwa tarehe ya MBS na ya pili kwa tarehe ya Tokyo MX ni rekodi mbili zilizovunjika.

Vyanzo, na namna ya kutovihesabu mara mbili

Chanzo cha kwanza ni sehemu yenyewe: majina yanayopita mwishoni. Hata kama husomi Kijapani, maneno manne yanatosha kuyafungua. 脚本 ni mwandishi wa mswada. 絵コンテ ni mchoraji wa mtiririko wa picha, anayeitwa mtu wa ekonte. 演出 ni mwongozaji wa sehemu hiyo. 作画監督 ni msimamizi wa michoro. Anayeandikwa 監督 peke yake ni mwongozaji wa mfululizo mzima, na kumweka kwenye safu ya mwongozaji wa sehemu ni kosa la kawaida mno. Katika anime za mapigano safu ya msimamizi wa michoro ndiyo mashabiki wa kweli wanayoifungua kwanza, kwani ndiyo inayoeleza kwa nini sura ya mhusika imebadilika wiki hii na kwa nini pambano la wiki iliyopita lilikuwa zuri vile.

Chanzo cha pili ni ratiba za wakati ule: kurasa za televisheni za magazeti, majarida, tovuti za vituo zilizohifadhiwa kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao. Cha tatu ni hifadhidata kama AniDB, AniList, MyAnimeList na ensaiklopidia ya Anime News Network. Katika safu ya uhakika andika A, B au C kulingana na chanzo. C mbili hazifanyi B. Hifadhidata hunakiliana, na dalili ni kosa la pamoja: zote tatu zikikosea herufi ileile kwenye jina la mtu, una chanzo kimoja tu chenye nyuso tatu.

Kila ukurasa wa nje unaoutegemea, uhifadhi Wayback Machine siku hiyohiyo unapousoma na uweke kiungo cha nakala hiyo pembeni mwa kile cha asili. Kazi ya nusu dakika.

Majina

Majina ya watu kwa kanji usiyasome kwa mashine ya kutafsiri. 東 huweza kuwa Azuma au Higashi. Mashine itachagua mojawapo bila kukuambia. Waigizaji wa sauti wana mawakala, na kurasa za mawakala mara nyingi huweka matamshi. Kwa tahajia ya Kirumi fuata Hepburn, mfumo uliozoeleka wa kuandika Kijapani kwa herufi za Kirumi, na ushikilie uamuzi mmoja kuhusu irabu ndefu: ō au ou, si vyote. Kwenye anwani za kurasa ondoa alama za juu kabisa. Majina ya wahusika usiyatie irabu za Kiswahili mwishoni. Hakuna atakayeyatafuta hivyo.

Jambo linalosahaulika ni kwamba wasomaji wa Kiswahili hawakulelewa na televisheni moja. Aliyekulia Lubumbashi au Bujumbura kwenye matoleo ya Kifaransa anamjua Olivier Atton wa Olive et Tom. Wa Muscat anamjua Majid wa Captain Majid. Wote wawili ni Tsubasa Ozora wa Captain Tsubasa, sehemu 128 zilizoanza 1983. Grendizer ya Waarabu ni Goldorak ya Wafaransa, na shujaa wake Duke Fleed kule anaitwa Actarus. Saint Seiya ni Les Chevaliers du Zodiaque. City Hunter ni Nicky Larson. Tengeneza jedwali la pili la majina mengine, kisha kila jina lielekeze kwenye ukurasa mmoja. Kwenye Cloudflare Pages, mojawapo ya mahali pa bure pa kuweka tovuti, hilo ni faili moja iitwayo _redirects, yenye mistari ya namna hii:

/goldorak /grendizer 301

Ukikuta nakala iliyosimuliwa Kiswahili na dijei wa mtaani, hilo si toleo rasmi na halina namba. Kiungo chake usiweke. Lakini andika kwenye maelezo kwamba lipo na ulilisikia wapi, kwa sababu tovuti ya Kimarekani haitaandika.

Kutazama na kuandika

Mara ya kwanza tazama bila kusimamisha. Mara ya pili andika kwa dakika na sekunde. Muhtasari wa maneno 120 hadi 180 unatosha. Ukizidi hapo unasimulia filamu nzima. Andika kwa maneno yako, usinakili maelezo ya kituo, maana hayo yana mwenyewe na yanaonekana kwenye tovuti nyingine hamsini.

Kulinganisha matoleo ndiyo sehemu yenye utamu. Fungua toleo la Japani na lile lililohaririwa kwenye madirisha mawili ya VLC, programu ya kuchezea video, na usonge mbele kwa vipande vya dakika mbili-mbili. Andika kila tofauti: dakika, urefu kwa sekunde, nini kilitoka, nini kiliingia. Tofauti zenyewe zina mazoea yake. Damu hufutwa au kupakwa rangi nyingine. Sigara ya Sanji kwenye One Piece ya 4Kids iligeuzwa pipi ya kijiti. Katika Dragon Ball Z ya mwanzo waliokufa walisemwa wamepelekwa "next dimension", na fulana za majitu ya kuzimu zilizoandikwa HELL zikachorwa upya zikasomeka HFIL. Muziki nao hubadilishwa, kwa hiyo usitazame tu, sikiliza. Gundam Wing ilirushwa Toonami mwaka 2000 kwa namna mbili kwa wakati mmoja, iliyokatwa mchana na isiyokatwa usiku, hivyo toleo moja la Kiingereza linaweza kudai mistari miwili.

Jihadhari na DVD za mfumo wa PAL, ule wa Ulaya. Picha zake 24 kwa sekunde zilikimbizwa zikawa 25, karibu asilimia 4, kwa hiyo sehemu ya dakika 24 huisha dakika 23 na sauti zinapanda kidogo. Asiyejua hilo ataandika kwamba dakika nzima imekatwa.

Mambo yanayofichua kisa yafunge ndani ya alama za HTML ziitwazo details na summary, zinazoficha maandishi mpaka msomaji abofye. Hazihitaji programu yoyote ya ziada. Lakini hapo si pekee pa kuchunga. Kichwa cha ukurasa huonekana Google, na picha ya utambulisho huonekana mtu akituma kiungo WhatsApp. Ukiweka kifo cha mhusika kwenye picha hiyo umeshawaharibia kundi zima. Tumia picha moja ya mfululizo kwa kurasa zote, ya piseli 1200 kwa 630, chini ya KB 300.

Picha

Sita kwa kila sehemu zinatosha. Huduma za mtandaoni huzuia kupiga picha ya skrini, utapata nyeusi tupu. Tumia diski zako au picha ambazo kituo kimezitoa kwa vyombo vya habari. Katika VLC, Shift na S hupiga picha, E husogeza fremu moja mbele. Ukiona mistari ya mlalo kama meno ya kitana kwenye kingo za kinachosogea, bonyeza D kuondoa mwingiliano wa fremu, kisha piga tena. Kwa faili uliyonayo kihalali, ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa amri za maandishi, ni ya haraka zaidi:

ffmpeg -ss 00:12:31 -i sehemu.mkv -frames:v 1 picha.png

Picha ya DVD ya NTSC, mfumo wa Marekani na Japani, hutoka piseli 720 kwa 480, na ukiiweka hivyohivyo itakuwa imevutwa. Ya 4:3 ipunguze hadi 640 kwa 480. Ya 16:9 ifanye 854 kwa 480. Usikate juu na chini katuni ya 4:3 ili ijaze skrini pana. Unatupa robo ya mchoro. Mwisho igeuze kuwa WebP, aina ya faili ya picha iliyo nyepesi:

cwebp -q 78 picha.png -o picha.webp

Kwa michoro ya rangi bapa utapata takribani KB 25 hadi 50. JPEG ya uzito huohuo huacha vumbi kandokando ya mistari nyeusi, na anime ni mistari mitupu. Picha sita za KB 40 ni KB 240 kwa ukurasa; kwenye alama ya kila picha weka loading="lazy" ili msomaji wa bando asilipie asizofika.

Hakimiliki

Video usiweke, hata ya sekunde kumi, na viungo vya tovuti za wizi usiweke. Onyesha pa kutazama kihalali. Picha chache zenye uchambuzi chini yake zina utetezi kwenye sheria nyingi, zikiwamo ya Kenya ya 2001 na ya Tanzania ya 1999, zinazoruhusu kunukuu kwa kiasi. Japani ni tofauti, haina kanuni pana ya matumizi ya haki kama Marekani, na kampuni zake hufuatilia. Desemba 2021 Toei Animation ilizuia video zaidi ya 150 za mchambuzi mmoja wa YouTube aliye Ireland. Zilirudi mwezi uliofuata, baada ya YouTube kuruhusu zuio libaki Japani tu. Picha ni salama kuliko video, lakini si salama kabisa.

Mahali pengi pa bure pa kuweka tovuti ni kampuni za Marekani, kwa hiyo lalamiko litakuja kwa njia ya DMCA, sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1998, kwa kampuni hiyo, si kwako. Ukiamini umekosewa unaweza kutuma pingamizi, na maudhui hurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi iwapo mlalamikaji hakwenda mahakamani. Kwa picha moja haifai kupigana. Iondoe, weka nyingine. Barua pepe inayoonekana wazi kwenye tovuti humaliza mengi kabla hayajafika huko.

Walioko Tanzania wasome Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020 pamoja na marekebisho yake, na kujua kama wanahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, hasa wakichapisha habari. Usikusanye majina wala namba za simu za wageni kama huna la kuzifanyia. Sheria ya data binafsi ya Kenya ni ya 2019, ya Tanzania ya 2022, na zote zinakugeuza kuwa mwenye wajibu.

Kujenga

WordPress itafanya kazi, lakini kwa orodha isiyobadilika kila saa ni mzigo: ina hifadhidata, ina programu-jalizi za kusasisha, na ikiachwa miezi sita bila kuangaliwa huingiliwa. Kurasa tuli ni nyepesi zaidi: programu za kuzitengeneza kama Hugo au Eleventy zinaweza kusoma CSV yako na kuzalisha ukurasa kwa kila mstari. Ukirekebisha tarehe kwenye jedwali, inarekebika kila inapotajwa.

GitHub Pages ni bure, tovuti isizidi GB 1. Cloudflare Pages nayo ni bure, faili zisizidi 20,000 na kila moja isizidi MB 25. Mfululizo wa sehemu 61 wenye picha sita-sita ni karibu MB 15, kwa hiyo nafasi haitakuwa tatizo lako kwa miaka mingi.

Mawili ya kiufundi ambayo yakikosewa yanaonekana mara moja. Usipakie fonti ya Kijapani, ni megabaiti kadhaa, na simu za Android tayari zinayo. Na kila kipande cha Kijapani kizungushie lang="ja", ukurasa wenyewe ukiwa lang="sw". Bila hiyo simu huweza kuchora kanji kwa umbo la Kichina. 直 ni mfano unaoonekana haraka, na msomaji ajuaye Kijapani atakudharau papo hapo.

Kuitunza

Nakala ya jedwali na picha ikae sehemu tatu: kompyuta yako, hazina ya Git mtandaoni (inayotunza kila badiliko), na diski ya nje iliyo nyumba nyingine. Marekebisho yaandikwe kwenye ukurasa wake, yenye tarehe, kilichokuwa, kilichowekwa na chanzo kilichobadilisha uamuzi. Msomaji akileta tarehe tofauti usiibadilishe kwa sababu anaonekana kujiamini. Muulize ameiona wapi, ipe daraja, linganisha na uliyonayo.

Mara nne kwa mwaka, Januari, Aprili, Julai na Oktoba, misimu mipya ya anime huanza Japani, mifululizo mingi ikiwa na sehemu 11 hadi 13 au mara mbili yake. Ukiamua kuongeza mfululizo unaoendelea, anza mwanzoni mwa miezi hiyo, na uwe mmoja. Pitia pia viungo vya nje kwa wakati huo. Vilivyokufa vielekeze kwenye nakala ulizohifadhi.

Jina la tovuti, iwe .com kwa takribani dola 10 hadi 15 kwa mwaka au .co.ke au .co.tz, lisajiliwe kwa barua pepe ambayo watu wawili wanaifungua, yenye uthibitisho wa hatua mbili. Lipia miaka miwili au mitatu kwa mkupuo. .com iliyoisha muda kwa kawaida hupewa hadi siku 45 za kusubiriwa, kisha siku 30 za kukombolewa kwa bei ya juu, kisha siku tano, ndipo inaachiwa yeyote. Majina yenye wageni hunyakuliwa na mashine, na mara nyingi hugeuzwa kurasa za kubeti huku viungo vyote vya zamani vikiendelea kuelekeza huko.